Siku Ishirini na Nane

Katika nyumba za watu mtoto huuliza baba atarudi lini.
Kwetu, Mshai huuliza: baba, utaondoka lini?
Hana ubaya. Ana miaka sita,
na amejifunza kwamba viatu huja
baba akienda.

Ishirini na nane kazini, ishirini na nane nyumbani:
miaka tisa tuliishi hivyo,
mshale ukienda Luanda, mshale ukirudi Embakasi.
Nilijifunza kumpenda kwa zamu.
Nilijua harufu ya begi lake la rangi ya chungwa,
chumvi, grisi, sabuni ya wanaume wengi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
wangu nilimpa begi siku ya ishirini na nane
na hakuna aliyelia sana.

Sasa ni mwezi wa saba.
Jembe nilitoe wapi, ghorofa ya sita, Pipeline,
ambako udongo pekee ni ule wa kopo la rangi
nilimopanda kitunguu?

Hakufutwa kazi. Sema vizuri, huniambia,
mtu wa mkataba hafutwi.
Haitwi tu.
Hakuna barua. Hakuna bosi wa kununiwa.
Kuna simu iliyolala kifudifudi mezani,
na sisi sote tunakula tukiizunguka
kama mgonjwa.

Kila tarehe kumi na nne hutangazwa bei ya mafuta.
Ikishuka, vijana wa bodaboda hupiga honi,
Nthenya wa chapati huahidi kupunguza shilingi tano,
hapunguzi.
Mwakio hushika kikombe kwa mikono miwili.
Furaha ya jirani imemfilisi tena.

Mtaa wenyewe umepewa jina la bomba.
Linapita huko chini, chini ya mabati na mitaro,
limebeba mali ya wengine.
Akiamka saa tisa usiku, maana mwili wake bado uko zamu,
husimama kwenye korido, huniambia analisikia.
Halisikiki. Ni pampu ya Muthengi, keateka.
Simwambii.

Mtu huyu alifungwa mikanda ndani ya helikopta ya mafunzo,
ikapinduliwa majini, gizani,
akahesabu hadi saba, akapapasa dirisha,
akatoka.
Ana cheti. Kinaisha Novemba.
Kukihuisha ni kodi ya miezi mitano.
Sasa anapandisha mitungi ya lita ishirini,
miwili miwili, ngazi tisini na sita,
na akifika juu hugeuka kutazama alikotoka
kama anayesubiri mtu ampe alama.

Kwenye runinga bwana mmoja mwenye tai alisema
dunia itaachana na mafuta, taratibu.
Mwakio akaiuliza runinga: taratibu ya nani?
Kisha akanyamaza haraka,
kana kwamba ingemsengenya kwa wakala.

Juzi Kiptarus alipiga simu kutoka Olkaria.
Huko wanachimba mvuke. Bomba ni lile lile,
tope ni lile lile, usiku ni ule ule,
ila ukianguka unaangukia nchi kavu.
Miezi mitatu, kupitia wakala.
Na mshahara?
Kiptarus alikohoa.

Leo ameketi kitandani na wembe,
anafumua jina la kampuni kifuani mwa ovaroli,
uzi kwa uzi, taratibu.
Herufi zimetoka. Lakini palipofunikwa hapakuona jua,
na jina bado linasomeka,
rangi mbichi katikati ya rangi iliyopauka.
Mshai amelisoma kwa silabi, kwa sauti,
kwa fahari ya anayejua kusoma tangu wiki jana.
Kisha akauliza ni siku ngapi.
Tisini, baba yake akasema.
Akahesabu vidole vyake, vyangu, vya baba,
akafika thelathini,
akarudi kwenye kidole gumba chake.